Je, Wajua? Mpiganaji wa Bure kwenye Simu Anapimwa Hivi

Je, wajua kwamba kwa mchezaji wa Sirari aliyejiandikisha kwenye seva ya Ulaya ya mchezo wa Honkai: Star Rail, siku mpya huanza saa 12 kamili asubuhi? Seva hiyo hufunga hesabu za jana saa 10 alfajiri kwa saa zake, nazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 2. Aliyechagua seva ya Asia siku yake hugeuka saa 5 usiku, na wa Marekani saa 6 mchana. Ya Ulaya ndiyo inayokwenda sawa na saa ya Mswahili: jua likichomoza, kazi mpya zimefunguka.

Na ukivuka mpaka wa Kenya kwenda Isebania, kaunti ya Migori, saa haisogei hata dakika. Kinachobadilika ni noti mfukoni na mnara unaoshikwa na simu.

Je, wajua kwamba wahusika wako hawahami kutoka seva moja kwenda nyingine? Ukianza Asia halafu ukagundua wenzako wote wa Tarime wako Ulaya, wapiganaji wako watabaki kulekule, wa bure na wa kununuliwa. Utaanza upya kama mgeni.

Je, wajua kwamba tarehe 27 Desemba 2023 kampuni ya miHoYo ya Shanghai iligawa bure mpiganaji wa nyota tano? Jina lake Dr. Ratio. Aliingia pamoja na toleo la 1.6 la Star Rail, akawafikia wachezaji kwa barua ya ndani ya mchezo. Dirisha la kumchukua lilikaa wazi miezi kadhaa, kisha likafungwa. Ni msomi mwenye majivuno anayependa kuvaa kichwa cha sanamu ya plasta asione nyuso za wajinga. Ujuzi wake mmoja umepewa jina la ukunga wa akili, kwa heshima ya Socrates, ambaye mama yake alikuwa mkunga.

Thamani yake kwa bei ya duka la mchezo? Kuvuta mara moja kwenye bahati nasibu ya wahusika ni jade 160, yaani vito vya ndani ya mchezo. Nyota tano huhakikishiwa kufikia mara ya 90. Ukipewa mwingine badala ya yule anayetangazwa, nyota tano atakayefuata lazima awe ni huyo unayemtaka. Mwenye mkosi wa mwisho kabisa, basi, huvuta mara 180, sawa na jade 28,800. Hicho ndicho kipimo cha juu cha zawadi ile.

Je, wajua kwamba nafasi ya kupata nyota tano kwa kuvuta mara moja ni asilimia 0.6? Ukijumlisha uhakikisho wa mara ya 90, kampuni yenyewe huitaja kuwa 1.6. Kwa wastani, basi, ni nyota tano mmoja katika kila kuvuta mara 62 au 63. Genshin Impact, ndugu mkubwa wa Star Rail aliyetoka 28 Septemba 2020, ana tarakimu hizohizo.

Je, wajua kwamba China iliamuru nafasi hizo zitangazwe hadharani kuanzia Mei 2017, na Apple ikafuata kwa duka lake Desemba mwaka huohuo? Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ilisema masanduku ya bahati yanayouzwa kwa fedha ndani ya michezo ni kamari. Japani ilikuwa imeshapiga marufuku aina moja ya bahati nasibu ya simu mwaka 2012, ile ya kukusanya seti nzima ndipo upewe zawadi kubwa.

Mwaka 2016, nchini Japani, mchezaji mmoja wa Granblue Fantasy alivuta mara 2,276 mbele ya watazamaji akimtafuta mhusika mmoja. Zaidi ya dola 6,000 ziliondoka. Baada ya kelele za wachezaji, kampuni iliweka kikomo: ukifika mara 300 unajichagulia umtakaye.

Na Januari 2025, Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni inayouza Genshin huko: dola milioni 20, na marufuku ya kuwauzia bahati nasibu hizo walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi. Wazazi wa mpakani ambao simu ya nyumbani ina fedha za biashara ndani yake, na namba ya siri inajulikana na mtoto wa darasa la sita, wana sababu ya kusoma sentensi hiyo mara mbili.

Tuje kwenye mapigano.

Kwenye baraza la kibanda cha kuchajia simu pale Sirari, mzee mmoja aliyekuwa akisubiri betri yake ijae aliinamia kioo cha kijana aliyekaa kwenye kreti la soda. "Mura, huyo wa kichwa cheupe umempata wapi?" Kijana akajibu bila kuinua macho: "Shikamoo mzee. Nimepewa bure." Mzee akaitikia marahaba, akatulia kidogo, akauliza: "Anapigana?" Kijana akasema ana nyota tano. Mzee akarudia swali lake vilevile.

Mzee alikuwa sahihi. Kwenye mnada wa ng'ombe hakuna Mkurya anayeuliza fahali ana nyota ngapi. Hutazama meno, kwato na mwendo.

Je, wajua kwamba mhusika wa bure mwenye nyota tano anaweza kuwa dhaifu kuliko wa bure mwenye nyota nne? Ushahidi uko Genshin. Aloy, mwindaji aliyeazimwa kutoka mchezo wa Horizon wa studio ya Guerrilla ya Uholanzi, aligawiwa kwanza kwa wachezaji wa PlayStation Septemba 2021, na kwa wengine wote Oktoba. Nyota zake tano. Lakini hana ngazi za ziada za kumwimarisha ambazo wenzake hupata kila wanapovutwa tena, na pigo lake la barafu halikuwahi kumfanya tegemeo la timu. Wengi wamemwacha chumbani.

Sasa mtazame Xiangling, mpishi wa nyota nne. Hutolewa bure kwa anayemaliza chumba cha tatu cha ghorofa ya tatu ya Spiral Abyss. Siri yake ni kwamba akishaachia gurudumu lake la moto, anaondoka uwanjani na gurudumu linabaki likimzunguka yeyote anayeingia badala yake, kwa sekunde 10. Kwa hiyo sekunde hizo hazimlipi yeye peke yake: mwenzake anapiga, na moto unapiga. Mpe mwenzake wa maji, na kila moto unapomgusa adui aliyelowa, pigo huzidishwa kwa 1.5; kwa adui mwenye barafu, huzidishwa kwa 2. Kasoro yake ni njaa. Gurudumu linadai nishati 80, na bila mwenzake wa moto wa kumlisha, kama Bennett, atasimama anasubiri kama abiria wa stendi ya Tarime saa 9 alasiri.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumpima mpiganaji wa bure ni hili: anafanya kazi gani wakati si zamu yake? Anayepiga akiwa mbele ya kioo tu anagombea nafasi na mshambuliaji wako mkuu. Anayepiga akiwa nje ameongeza mkono wa tano kwenye timu ya watu wanne.

Je, wajua kwamba Barbara, mganga wa bure wa Genshin, huwalowesha wenzake mwenyewe? Pete yake ya maji humponya mhusika aliye uwanjani, lakini pia humwacha amelowa. Ukikutana na adui wa barafu, aliyelowa huganda papo hapo, anasimama kama nguzo huku akipigwa. Maelezo ya ujuzi wake yanasema wazi; watu hawasomi. Dhidi ya adui wa moto huyohuyo Barbara ni dhahabu.

Turudi kwa Ratio, maana yeye ndiye anayefundisha vizuri zaidi jinsi ya kusoma ukurasa wa ujuzi.

Ujuzi wake mkuu, ukiwa ngazi ya 10, unapiga kwa asilimia 150 ya nguvu yake ya shambulizi. Hapo wengi huishia, wakasema mbona kidogo. Lakini kila anapoutumia, kuna nafasi ya asilimia 40 kwamba atamwongezea adui pigo la pili lisilotumia zamu, na pigo hilo ni asilimia 270. Nafasi hiyo hupanda kwa 20 kwa kila dosari aliyonayo adui. Dosari ni hali yoyote mbaya aliyopakwa: kupunguziwa ulinzi, kuungua, kupunguziwa mwendo. Piga hesabu kwa kidole kwenye vumbi. Adui hana dosari: 150 jumlisha nne ya kumi ya 270, unapata 258. Dosari 1: 312. Dosari 2: 366. Dosari 3: nafasi imefika asilimia 100, pigo la pili halikosi, na jumla ni 420.

Bado. Akifunguliwa sifa zake za ndani, adui akiwa na dosari 3 au zaidi, kila dosari humwongezea Ratio asilimia 10 ya madhara, mwisho 50. Kwa dosari 3, kama hana nyongeza nyingine ya aina hiyo, 420 inakuwa 546. Mpiganaji yuleyule, vifaa vilevile, adui yuleyule: 258 au 546. Tofauti ni zaidi ya mara mbili, na hakuna hata jade moja iliyotumika. Kilichobadilika ni nani amesimama pembeni yake.

Kwa hiyo kijana anayemweka Ratio na waganga wawili na mlinzi mmoja, kisha akasema "huyu wa bure ni bure kweli", anamwonea. Hajawahi kumwona.

Pigo lake kuu nalo lina mtego kwa msomaji mvivu. Limeandikwa asilimia 240. Lakini humwekea adui alama, na mara 2 zinazofuata wenzake wanapompiga adui huyo, Ratio hujibu na lile pigo la 270. Jumla ni 780, ukipanga wenzake wapige haraka. Ukiwa na wenzake wanaotibu na kuweka ngao tu bila kumgusa adui, alama inakaa hapo ikikusubiri.

Je, wajua kwamba kama adui anakufa kabla ya pigo la nyongeza, pigo hilo humwendea adui mwingine yeyote aliyebaki, bila kuchagua? Usitegemee limfuate bosi.

Udhaifu wake hauhitaji darubini. Anapiga mtu mmoja. Maadui watano wakija kwa pamoja, atawamaliza mmoja mmoja huku wanne wakikuchapa. Kwa bosi mkubwa aliye peke yake, ndipo utamjua.

Je, wajua kwamba adui wa levo sawa na yako katika Star Rail humeza nusu ya pigo lako kabla halijamfikia? Hiyo ni kazi ya ulinzi. Mpiganaji wa levo 80 dhidi ya adui wa levo 95 hupitisha takriban asilimia 46.5 tu ya pigo lake. Wa levo 60, asilimia 41. Wale wanaoiacha zawadi yao levo 60 kisha wakailaumu, wanailaumu kwa haki nusu.

Hapa ndipo msichana wa nyota nne anayeitwa Pela anapovunja bei za soko. Pigo lake kuu huwapunguzia maadui wote asilimia 40 ya ulinzi kwa zamu 2. Kwa adui wa levo sawa, pigo linalopita linapanda kutoka asilimia 50 hadi 62.5. Hiyo ni robo nzima ya ziada, kwa kila mwanatimu, na papo hapo Pela amempa Ratio dosari moja. Sijui nyota tano wangapi wa kununuliwa wanaweza kujisifu hivyo.

Je, wajua kwamba asili ya pigo ni muhimu kuliko unavyodhani, lakini si muhimu kuliko watu wanavyopiga kelele? Adui mwenye udhaifu kwa asili yako hana usugu dhidi yake. Asiye na udhaifu huo kwa kawaida ana usugu wa asilimia 20. Na kabla hujavunja ngao yake ya ukakamavu, madhara yote hukatwa asilimia 10. Ukosefu wa udhaifu hukupunguzia tano moja ya pigo, na hukunyima kuvunja ngao. Inauma, lakini mpiganaji mwenye timu sahihi bado anapita.

Sasa kriti, yaani pigo linalotoka kubwa kuliko la kawaida likibahatika, mahali ambapo wengi humwaga rasilimali.

Kuna namba mbili. Moja ni nafasi ya kriti kutokea, nyingine ni ukubwa wake inapotokea. Kila mhusika huanza na asilimia 5 na 50. Wastani wa pigo ni 1 jumlisha zao la namba hizo mbili. Chukua wachezaji wawili waliopata vifaa vya thamani ileile. Wa kwanza kajaza ukubwa: nafasi 30, ukubwa 220. Pigo lake kwa wastani ni mara 1.66. Wa pili kasawazisha: nafasi 70, ukubwa 140. Lake ni mara 1.98. Wa kwanza ndiye atakayepiga picha ya kioo siku kriti ikikubali na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Wa pili ndiye atakayeshinda.

Kanuni ya mafundi ni ukubwa uwe mara mbili ya nafasi. Kwa Ratio kuna nyongeza: kila anapotumia ujuzi, dosari za adui humpa nafasi ya kriti ya asilimia 2.5 na ukubwa wa 5 kwa kila moja, hadi mara 6. Zikijaa ni 15 na 30. Usimjazie nafasi hadi 100 kwenye ukurasa wake, maana vitani itamwagika.

Je, wajua kwamba mwendo wa mhusika ni mgawanyo tu? Star Rail huchukua 10,000 na kugawa kwa mwendo wako. Jibu ndilo umbali hadi zamu yako. Ratio ana mwendo wa msingi 103, hivyo anasubiri hatua 97. Kwenye mashindano ya Memory of Chaos, mzunguko wa kwanza una hatua 150, inayofuata ina 100. Anayetaka kupiga mara 2 kwenye mzunguko wa kwanza anahitaji mwendo wa 134. Viatu vya mwendo vilivyokomazwa huongeza 25, anafika 128. Pointi 6 zinabaki, nazo zinatafutwa kwenye vipande vingine vya vifaa. Mwenye 128 na mwenye 110 hawana tofauti kwenye mzunguko huo wa kwanza: wote hupiga mara moja.

Memory of Chaos hudai timu mbili kwa mpigo, watu wanane. Zawadi nyingi hapo ndipo zinapopata kazi ya kweli. Mchezaji wa kawaida asiyenunua kitu huwa na timu moja nzuri na ya pili ya kuokoteza. Mpiganaji wa bure anayebeba nusu ya pili ana thamani kuliko wa kununuliwa anayegombea nusu ya kwanza na wenzake watatu wa aina yake.

Je, wajua gharama ya "bure"? Kumkomaza mhusika hutumia nguvu ya safari, inayojaa 1 kila dakika 6, yaani 240 kwa saa 24. Vifaa vyake ni vipande 6, na kila kipande hupandishwa hadi 15, kikipata bahati yake mara 5 njiani. Kipande kinaweza kukwama kwenye namba usizozihitaji mara zote 5, na hakuna wa kumshitaki.

Juu ya hapo kuna bando. Michezo hii ina uzito wa makumi ya GB, na kila toleo jipya huja na mzigo wake. Vijana wengi hushusha kwa bando la usiku. Simu za TECNO, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Transsion ya Shenzhen, ndizo zilizojaa mikononi huku Kanda ya Ziwa, na zile za bei ya chini zitaikataa Genshin au zitaiendesha zikiwa za moto.

Hilo pia ni kipimo cha mpiganaji, ingawa orodha za madaraja za ughaibuni hazikitaji. Mhusika wa Genshin anayedai vidole vya haraka na kukwepa kwa wakati ni mzuri kwenye simu ya gharama. Kwenye simu inayokwama kila moshi wa mlipuko unapotokea, au mahali ambapo simu inayumba kati ya mnara wa Tanzania na wa Kenya, mhusika huyo hushuka daraja mbili. Star Rail ni wa zamu kwa zamu. Adui anakusubiri uamue, na mtandao ukizubaa hufi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadorora, michezo ya papo kwa papo ndiyo iliyoumia kwanza.

Je, wajua kwamba Mash Kyrielight, mbeba ngao wa bure wa Fate/Grand Order tangu mchezo huo uanze Japani mwaka 2015, hagharimu pointi hata moja kumweka kwenye timu? Kila mwingine ana bei ya kupangwa. Yeye ni sifuri. Nafasi aliyookoa hujazwa na mbabe.

Na Kael wa Raid: Shadow Legends, mmoja wa wanne unaochaguliwa bure mwanzoni? Pigo lake hupaka sumu, na sumu ya mchezo huo hukata asilimia ya uhai wa adui badala ya kutegemea nguvu ya mpigaji. Wachezaji wakongwe humshauri mgeni amchague yeye, kwa ajili ya bosi wa ukoo. Adui mmoja huchukua dosari 10 tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo sumu za watu wawili hugombea viti.

Je, wajua kwamba Afrika nayo ina wapiganaji wake? Studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016 kwa ajili ya kompyuta, mchezo wa kuigiza nafasi ambao shujaa wake, Enzo Kori-Odan, hupata nguvu kutoka urithi wa mababu. Jirani zetu Kenya walikuwa wameshaanza: Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, akaja kuwa mwanzilishi mwenza wa Leti Arts pamoja na Mghana Eyram Tawia.

Genshin ilipofungua nchi yake ya Natlan Agosti 2024, ilichukua majina kutoka Afrika na Amerika, likiwemo Iansan, linalotokana na mungu wa kike wa upepo wa Wayoruba. Wachezaji wengi walilalamika kwamba ngozi za wahusika hazikufuata majina yao. Kiswahili, kwa upande wake, hakimo katika lugha za Genshin wala za Star Rail. Kituruki na Kiindonesia zimo Genshin. Wasemaji wa Kiswahili ni makumi ya mamilioni na UNESCO imetupa tarehe 7 Julai iwe siku ya lugha yetu. Kampuni bado haijaona wateja.

Ukosefu huo si wa heshima tu. Mtego wa Barbara, alama ya Ratio, njaa ya Xiangling, vyote vimeandikwa kwa Kiingereza cha aya ndefu. Kijana anayesoma nusu atampima mpiganaji nusu. Kundi la WhatsApp lenye mtu mmoja anayetafsiri maelezo ya ujuzi mpya kwa Kiswahili chepesi lina faida kuliko kundi linalorushiana picha za mapigo makubwa.

Kuhusu orodha za madaraja, kabla hujaamini mtu anayesema mhusika fulani ni wa daraja la mwisho, angalia mambo mawili: orodha ni ya toleo la ngapi, na mwandishi amempima akiwa na silaha ya kununuliwa au ya bure. Wanaorekodi video za mapigo ya milioni mara nyingi wamemvuta mhusika huyohuyo mara kadhaa ili kumwongezea ngazi. Hakuna aliyekupa zawadi ya namna hiyo.

Mchezo wenyewe hukupa chumba cha majaribio kwa wahusika wanaotangazwa, ukiwa na mpiganaji aliyekomazwa tayari. Ingia, lakini usiangalie tarakimu kubwa. Hesabu zamu hadi adui afe, kisha rudia na timu yako.

Hukumu ya safu hii: Xiangling anapigana, tena kuliko wengi wa kununuliwa, mradi alishwe nishati. Barbara anaponya, ila mtoe mbele ya barafu. Aloy ni wa kumbukumbu. Dr. Ratio anapigana sana dhidi ya bosi mmoja mwenye dosari 3, na ni wa wastani kwa mengine yote. Kama ulimpokea kwenye ile barua na bado amelala levo 20, usitumie jade yoyote kumtafutia mrithi kabla hujampandisha hadi 80 na kumweka Pela pembeni yake.